Sakafu ya Gari la Mke Wangu

Jumapili, 5 Mei

Chakula cha mchana kimeingia shubiri. Mke wangu katangaza mezani, mbele ya mdogo wake na mume wa mdogo wake, kwamba kesho gari linaenda kwa fundi wa bodi. Sakafu ya nyuma imeliwa na kutu. Kuna tundu la ukubwa wa sahani. Wiki iliyopita alipita kwenye dimbwi, maji yakaruka kupitia tunduni na kulowesha mashati kumi na mawili meupe.

Yeye ni mshonaji wa sare za shule. Shati jeupe kwake si kitu cha kuchezewa. Mwalimu mkuu alimwambia kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma, kwamba mzigo mwingine ukifika hivyo watatafuta mshonaji mwingine. Mzigo mwingine ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi. Seti mia mbili. Kukodi gari la mtu hataki, maana mara ya mwisho sare zilifika zinanuka samaki.

Nikauliza fundi wa nini, na mimi nipo?

Shemeji akainama chini ya meza kutafuta kijiko ambacho hakikuanguka.

Najua walichokuwa wanawaza. Walikuwa wanawaza habari ya bomba la jikoni. Bomba lile lilikuwa bovu kabla sijaligusa. Niseme mara ngapi?

Hapo mwanyumba wangu, huyo mume wa shemeji, akapata la kusema. Ni karani. Ana kalamu mfukoni hata siku ya mapumziko. Akasema naye anataka kujifunza kukata na kuchomelea, kwa sababu milango ya gari lake imeanza kuoza chini. Amekuwa akiulizauliza vifaa vinavyomfaa mtu anayeanza. Akatoa daftari. Daftari, mezani! Nikamwambia kuchomelea hakusomwi kwenye daftari, kuko kwenye kiganja. Nikamwonyesha kiganja.

Mke wangu naye alikitazama hicho kiganja. Akakitazama kwa muda. Kisha akasema fundi wa bodi ana nafasi kesho tu, baada ya hapo kajaa mpaka wiki ijayo, kwa hiyo akiniachia mimi kazi, hakuna kurudi nyuma. Ijumaa, saa kumi jioni, gari liwe limesimama kwa matairi yake manne na sakafu haina tundu. Nikishindwa, sitagusa tena kitu chake chochote, pamoja na redio.

Tumepeana mikono. Mkono wake ulikuwa baridi kidogo. Wangu ulikuwa moto wa kazi.

Jumatatu, 6 Mei

Nimeamka mapema niwahi duka la vifaa kabla ya mwanyumba. Nimemkuta mlangoni. Karani yule halali? Nimeingia wa kwanza, kwa kutumia bega.

Duka ni la mama mmoja wa makamo, miwani kaitundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Watu wanamwita Bi Msumari. Sauti yake ndogo, maswali yake hayaishi. La kwanza kaniuliza bati ninalotaka kuunga lina unene gani. Unene! Mimi najua chuma ni chuma. Nikajibu unene wa kawaida. Akauliza ni geti au gari. Nikasema gari, ila kazi ni kubwa.

Akapanga vitu mezani. Grenda ndogo ya kushika kwa mkono mmoja. Diski nyembamba za kukatia. Mkasi wa bati. Koleo mbili za kubana. Glavu, kinyago cha kukinga macho. Mwisho kaweka kijimashine cha kuchomelea kinachojitolea waya chenyewe, kama cherehani inavyovuta uzi. Akaeleza kwamba bodi ya gari ni bati jembamba, halitaki moto mkubwa, na mtu anayeanza achomelee kwanza vipande vya bati chakavu siku mbili tatu ndipo aguse gari.

Mtu anayeanza! Kayasema hayo mbele ya mwanyumba na mbele ya mteja aliyekuja kununua kitasa. Damu ilinipanda mpaka masikioni.

Ndipo nikaiona. Iko nyuma yake, sakafuni, nyekundu, ina magurudumu na mpini wa kukokotea, na nyaya nene kama mkono wa mtoto. Nikauliza ile ni nini. Akasema ni ya kuchomelea mageti na mihimili, inayeyusha vijiti vya chuma badala ya waya, hainifai. Ukitaka mimi nitake kitu, niambie hakinifai. Akauliza kama nimewahi kuchomelea. Nikajibu tangu ujana. Si uongo. Siku geti la baba lilipotengenezwa, mimi ndiye niliyeshika futi ya kupimia.

Grenda nayo nikachukua kubwa, ya mikono miwili. Diski nikachukua nene, kwa sababu nyembamba zitaisha na kunirudisha dukani. Koleo za kubana nimeziacha, mikono ninayo. Glavu na kinyago nimechukua, kwa kuwa mke wangu aliapa kwamba nisipovaa hapiki.

Mashine imekuja kwa mkokoteni. Wasukumaji wawili, na katikati ya njia wakaomba wa tatu. Watu wametoka nje kutazama. Nilitembea mbele ya mkokoteni, taratibu, ili hata waliokuwa vyumba vya nyuma wapate muda wa kufika dirishani.

Mwanyumba, nimesikia, kanunua vyote vilivyobaki pale mezani. Makombo yangu! Kimoja kimoja, akiweka alama kwenye daftari.

Jumanne, 7 Mei

Siku ya kukata. Nimetoa zulia la gari, nimehakikisha tangi la mafuta liko mbali, nimeweka ndoo ya maji karibu. Nayaandika haya ili ijulikane kwamba sikuwa mjinga tangu asubuhi.

Lengo lilikuwa kukata ukingo wenye kutu kuzunguka tundu, nibakiwe na bati zima la kuchomelea kiraka. Nimewasha grenda kubwa. Lo! Ile si grenda, ni ng'ombe aliyekatika kamba. Imenivuta kushoto, nikaivuta kulia, ikaniona nina dharau ikaruka mbele. Diski nene haikati bati la gari. Inalitafuna. Nilipoizima, tundu la sahani lilikuwa tundu la sinia, na kingo zake zimepindapinda vibaya.

Nikajipa moyo. Tundu kubwa ni rahisi kuliona.

Baada ya chakula nikachomeka mashine nyekundu ili niijaribu. Ikanguruma kwa raha. Nikagusisha kijiti kwenye chuma, cheche moja, halafu giza nyumba nzima. Kutoka chumbani nikasikia cherehani ya umeme ya mke wangu ikinyamaza katikati ya kola. Hakusema kitu. Kiti chake kilisogea tu.

Aliyesema ni kinyozi wa nyumba ya pili. Tunatumia waya mmoja wa umeme. Alikuwa amemnyoa mteja upande wa kulia peke yake. Mteja ana mahojiano ya kazi. Kinyozi kaja naye mpaka uani kwangu, kamsimamisha, kamgeuza kushoto, kamgeuza kulia, ili nione mwenyewe. Nimeomba radhi. Nimemshauri mteja avae kofia. Inaonekana ushauri haukupokelewa vizuri.

Umeme umerudi jioni. Tumekubaliana na kinyozi kwamba kabla sijawasha nipige mluzi.

Jumatano, 8 Mei

Nimepiga mluzi mara arobaini.

Kuchomelea kwenyewe nimekuelewa. Kijiti unakigusisha, kinang'aa, chuma kinayeyuka, vinaungana. Shida ni sakafu ya gari hili. Ni laini mno. Nikigusisha tu, bati linakimbia, pale pa kuunga panabaki tundu. Nikiziba hilo tundu, panazaliwa mengine mawili pembeni. Kufikia saa nne nilikuwa nimeacha kuhesabu. Nimefikiri labda moto ni mdogo, bati linasitasita. Nimeongeza moto. Sasa kuna tundu moja ambalo kichwa cha paka kinapita. Najua kwa sababu paka kapitisha.

Mwanyumba kaja saa sita na suruali iliyopigwa pasi. Tangu Jumatatu jioni anachomelea vifuniko vya makopo ya rangi huko kwake, kimoja juu ya kingine, na kaja na viwili kunionyesha. Vimeshikana. Nimevipindua, nimevigonga, nimevipinda. Vimeshikana tu. Nimemwambia kazi ya makopo ni tofauti na kazi ya magari.

Kachungulia sakafu. Nilimsubiri acheke. Hakucheka! Kavua miwani, kaipangusa, kaivaa tena. Kasema kama nitahitaji mashine yake ndogo, ipo, na karatasi ya bati jembamba anayo, Bi Msumari alimchagulia ya unene uleule wa bodi. Nimemjibu ahsante, kazi yangu imefika hatua ambayo mashine ndogo haiwezi kuifuata.

Mke wangu kaniuliza jioni inakwendaje. Nikasema naandaa msingi. Akaniuliza mara mbili kama Ijumaa iko palepale. Macho yake mekundu kwa kushona tangu alfajiri, vidole kavifunga plasta viwili. Bado seti thelathini na moja. Nikamwambia Ijumaa iko palepale, alale.

Mimi sikulala vizuri.

Alhamisi, 9 Mei

Ushindi!

Niandike kwa utaratibu. Asubuhi nilikaa juu ya ndoo nikafikiri kama mtu mzima. Kama bati jembamba linaungua kwa sababu ni jembamba, dawa ni nini? Chuma kinene. Nimekumbuka kile kipande cha chuma tulichokuwa tunakiweka mlango wa uani usijifunge. Unene wa kidole. Kukibeba kunahitaji kwanza kuomba dua. Nimekilaza juu ya tundu lote, kikafunika na kubaki.

Tatizo: uzito. Sakafu iliyozunguka ilikuwa imebaki utandu, ikaanza kubonyea. Kwa hiyo nimepiga jeki gari, nimechukua stendi ya chuma ya miguu mitatu, ile ya kuegemezea gari, nimeisukuma chini ya gari mpaka kichwa chake kikagusa pembe ya kile chuma na kukiinua. Imekaa sawasawa. Fundi gani angefikiria hilo?

Kisha nimeingia ndani ya gari, nimevaa kinyago, nimepiga mluzi, nimeweka moto wa mwisho. Nimezunguka chuma chote. Pale kwenye pembe ya stendi palikuwa na nafasi pana kidogo kati ya sakafu na chuma, nikapalisha vijiti vinne mpaka pakashiba. Mluzi mdomoni, jasho mgongoni, mambo yanakwenda. Mara moja tu suruali ilishika moto, nayo kidogo.

Nimekigonga kwa nyundo. Hakitikisiki. Nimekirukia kwa miguu miwili. Hakitikisiki!

Nimemwita mke wangu. Kaja na futi ya kitambaa shingoni, kapanda, kakanyaga. Kakanyaga tena kwa kisigino. Akasema kweli, kimeshika. Akasema ni kibaya kutazama ila kimeshika. Halafu akacheka, kicheko chake cha zamani, akaniwekea mkono begani, akasema angalau leo atashona akiwa na amani.

Nimetembea mpaka kwa mwanyumba kumpa pole kwa gharama aliyoingia bure. Nimekaa kwake saa nzima. Pole yenyewe ilihitaji maelezo.

Ijumaa, 10 Mei

Asubuhi nimekwenda kushusha jeki. Gari halikushuka.

Nimeshusha jeki yote, nimeitoa kabisa. Upande ule wa gari bado uko juu, umekaa kwenye stendi. Nikasema vizuri, nitalinyanyua kidogo nitoe stendi. Nimelinyanyua. Stendi imenyanyuka nalo. Miguu mitatu, hewani.

Nimelala chini kutazama. Ile nafasi niliyoilisha vijiti vinne ilikuwa haina mwisho. Chuma kilichoyeyuka kilipita chini kikakutana na kichwa cha stendi kikafanya nacho urafiki. Sakafu, kile chuma na stendi sasa ni kitu kimoja. Ndiyo kazi bora kuliko zote nilizofanya wiki hii.

Nimepiga nyundo, gari likalia, stendi ikatulia. Nimeifunga kamba na kuivuta. Nimeipaka mafuta, sijui kwa nini. Nimefikiria kusema ni mguu wa akiba. Nimefikiria kumwambia mke wangu kwamba kiungo kinapoa na lazima kipoe mpaka Jumatatu.

Hilo la mwisho ndilo nililomwambia, saa nne, alipotoka na marobota mawili ya kwanza kuyapima yatakavyokaa. Akayaweka barazani juu ya kiti. Akakunja kanga, akapiga magoti, akainama mpaka shavu likakaribia mchanga. Akakaa hapo chini muda ambao mtu angeweza kupiga mstari mzima wa vifungo.

Aliposimama hakuwa na hasira. Heri angekuwa na hasira. Akasema seti mia mbili ziko tayari, kashona ya mwisho saa kumi na moja alfajiri. Kisha akaingia ndani, na nikasikia anampigia simu mdogo wake.

Mwanyumba kafika na vitu vyake kwenye boksi, vimefungwa vitambaa. Nilitamani ardhi inipokee. Basi kawasha kigrenda chake, akakizima. Akawasha, akazima. Mwisho akakiri, uso umemshuka, kwamba yeye amezoea vifuniko vya makopo, gari la mtu anaogopa, na hili ni gari la shemeji yake.

Mke wangu akanyoosha mkono. Akasema amwonyeshe swichi.

Sikuamini nilichokiona na bado siamini. Kwanza hakugusa gari. Kaomba vifuniko vya makopo, kakaa navyo uani, kinyago usoni, karibu saa nzima, anakata na kuchomelea, anatupa, anachukua kingine, mwanyumba akimsomea daftari. Cha kwanza kilitoboka. Cha tano kikashika. Kisha kapanda kwenye gari, jeki ikiwa imelishika, kachora kwa chaki mraba kuzunguka uharibifu wangu wote, sentimita kadhaa ndani ya bati zima, na kaufuata mstari kwa diski nyembamba bila kutoka hata unywele. Mkono wake umekata vitambaa miaka kumi na minane. Mraba ukakatika, na kile chuma na stendi yake vikaanguka pamoja kwa kishindo. Kinyozi akatoka kuuliza mbona leo hakuna mluzi.

Kiraka kakikata kwanza kwenye karatasi ya gazeti, kakipima, kakipunguza pembe, ndipo akahamisha kwenye bati la mwanyumba na kulikata kwa mkasi. Kachomelea pembe nne kwanza, tone moja moja. Halafu tone upande huu, tone upande wa pili, anaruka, anasubiri papoe, anaruka tena. Mwanyumba kamwuliza nani kamfundisha, daftari lilikuwa bado halijafika huko. Kamjibu kola ukiishona upande mmoja mpaka mwisho inajivuta, lazima uishikize kwanza kotekote. Bati nalo kaliona linajivuta.

Mimi nilishika ndoo ya maji na kitambaa kibichi. Kazi muhimu. Cheche zote nimezizima mimi.

Saa kumi kasoro robo. Matairi manne chini. Rangi ya kuzuia kutu imepakwa juu na chini. Hakuna tundu. Kwa hesabu yangu, sharti limetimia na redio inabaki.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua imepiga tangu alfajiri. Mke wangu aliitazama dirishani akanywa chai amesimama.

Nimekaa nyuma na marobota, juu kabisa ya kiraka, kwa hiari yangu, ili kama maji yataingia yaanzie kwangu. Njia ya shule ina madimbwi ambayo bata wangeyakimbia. Kila tulipopita, maji yalipiga chini ya sakafu kwa nguvu na mimi nikafumba macho. Hata tone. Nilipapasa pembe zote kwa kiganja, kavu. Nikapaza sauti kumwambia ni kavu. Kwenye kioo niliona anajifuta macho kwa mgongo wa mkono, huku anaendesha.

Mwalimu mkuu kafungua robota la kwanza, kashika kola, kageuza mshono, kapapasa mpaka shati la chini kabisa. Kasema ni kazi safi. Kasema na za muhula ujao aanze kuzipima. Mke wangu akasema sawa, kwa sauti ya kawaida kabisa, lakini chini ya meza mguu wake ulikuwa unacheza.

Wakati wa kurudi nilihamia kiti cha mbele. Mvua ilikuwa imekatika. Nikajiandaa kusimangwa, hata majibu matatu nilikuwa nayo tayari. Hakunisimanga. Kaendesha mpaka karibu na nyumbani, akasimamisha gari pembeni, akaniambia, "Wewe mume wangu, kutojua si kosa. Mimi nisingekucheka. Ungeniambia hujui Jumapili ile, tungejifunza wote wawili, nami ningelala wiki hii."

Majibu yangu yote matatu hayakufaa.

Nilimtazama vidole, vile viwili vyenye plasta na kimoja kipya kilichoguswa na moto. Nimeona aibu ya kweli. Si ile ya mbele za watu, hii nyingine. Nimemwambia sijui kuchomelea. Nimemwambia sijawahi kujua. Nimemwahidi kwamba kuanzia leo, mtu akiniuliza jambo nisilolijua, neno la kwanza kutoka mdomoni mwangu litakuwa sijui. Akanishika mkono. Mkono wake leo ulikuwa na joto.

Nayaandika haya ili siku moja nikisoma nikumbuke. Mimi ni mtu mpya.

Jumapili, 12 Mei

Nimeosha gari. Asubuhi nzuri, jua jepesi, mke wangu ndani kalala, mara ya kwanza wiki nzima kapitiliza saa mbili.

Kapita dereva mmoja wa teksi, mtu wa mtaa wa nyuma. Kaona mlango wa nyuma uko wazi, kasimama. Kainama, kapitisha kidole kwenye kiraka, kaenda chini kutazama na huko. Katoka anatikisa kichwa. Kasema miaka mingi hajaona kazi iliyotulia namna hii, bati halikujikunja hata kidogo. Nikanyamaza. Kunyamaza si uongo.

Akauliza nimekuwa kwenye kazi hii muda gani. Nikamwambia wiki hii imekuwa nzito sana. Ni kweli, kila mtu wa hapa anaweza kushuhudia.

Akasema teksi yake imeoza milango miwili na sakafu ya mbele yote, mpaka abiria wanaona barabara. Mafundi wanamzungusha. Je, nitaweza?

Nilikuwa nimelishika neno lenyewe. Sijui. Lilikuwa pale kwenye ulimi, herufi zote. Lakini mtu alikuwa ananitazama kwa heshima, tena ya dhati, na heshima ya namna ile sikuwahi kuipata tangu siku ya mkokoteni. Nikasikia mdomo unasema ailete Jumatano, saa mbili asubuhi.

Akauliza nafanya kazi peke yangu? Hapo nikaona nisiwe mchoyo wa ukweli. Nikamwambia nina msaidizi mmoja. Mkono wake mzuri sana, ila bado ni wa kuelekezwa.

Kaniaga kwa mikono miwili. Saa nne na nusu nikasikia mke wangu anaamka. Nimempelekea chai kitandani, sukari vijiko vitatu, na mto wa pili wa kuegemea. Kanitazama, kauliza kuna nini.

Nimemwambia sijui.